Je, Ni Halali Kusoma Hadithi za Mizimu?



Swali hili tumeulizwa mara nyingi na wazazi, na tena na vijana wenyewe. Kuna aina ya hadithi ipendwayo sana siku hizi, katika vitabu na katika simu, na karibu zote zina umbo moja. Wataalamu wamekwenda pahali pa ukiwa kuchimba mji wa kale uliofukiwa na mchanga. Wamepiga hema zao kando ya makaburi. Miongoni mwao yumo kijana mwanamume na kijana mwanamke, nao wapendana. Usiku hatua zasikika pasipo mtu, uso waonekana dirishani, taa yazimika. Asubuhi mmoja wao akutwa amekufa, na watumishi wote wanena kwa kauli moja: ni wenyeji wa mji wa kale, wamekasirika kwa kuwa makaburi yao yamefunuliwa. Msomaji hawezi kukiweka kitabu chini mpaka ajue ni nani aliyeua, na kama wale wapenzi wawili wataoana.

Wazazi wauliza: Je, Mkristo aweza kusoma mambo hayo bila dhambi? Je, hayatamrudisha katika hofu ambayo babu zetu walitaabika nayo? Vijana nao wajibu kwamba ni mchezo tu, hakuna neno. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimejibu upesi mno. Huku kwetu Kama, na katika Maniema yote, neno "mzimu" halikai kitabuni tu. Hutoka humo likaingia matangani, likaketi barazani pamoja na wazee, na mara nyingine likamtoa mtu nyumbani mwake usiku. Basi na tulichunguze kwa utaratibu.

Hadithi ya kubuni si uongo

Kwanza tuondoe kikwazo kimoja. Wako wasemao kwamba kila hadithi ya kubuni ni uongo, na uongo ni dhambi. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, alikwisha kulijibu neno hilo. Alifundisha kwamba si kila tunachobuni ni uongo. Tukibuni jambo lisiloelekea kweli yoyote, tumesema uongo. Lakini tukibuni ili kuonyesha kweli fulani, tumetoa mfano wa kweli. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipokea fundisho hilo na kulitumia. Tena Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Hakuna Mkristo aulizaye yule Msamaria mwema alizaliwa kijiji gani.

Zamani Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1966, chini ya Papa Paulo VI, orodha hiyo ilikoma kuwa na nguvu ya sheria. Maana yake si kwamba vitabu vyote vimekuwa vyema, ila mzigo wa kuchagua umewekwa juu ya dhamiri ya msomaji. Na dhamiri isiyofundishwa ni kama mtu avukaye Lualaba usiku asiyeijua njia ya maji.

Tena, atakayesema kwamba Mkristo hapaswi kusoma habari za makaburi, pepo na mapenzi katika kitabu kimoja, na afungue Maandiko Matakatifu penye Kitabu cha Tobiti. Tobiti, Mwisraeli aliyehamishwa Ninawi, yuko mezani siku ya sikukuu aletewapo habari kwamba ndugu wa taifa lake ameuawa na kutupwa sokoni. Aacha chakula, aichukua maiti, angoja jua litue, kisha aenda kuchimba kaburi na kuzika, huku majirani wakimcheka. Na mbali sana, huko Ekbatana katika nchi ya Media, yuko msichana jina lake Sara, aliyeozwa kwa waume 7, na wote 7 wakafa usiku wa arusi. Hatuwezi kusema kwamba habari za namna hii hazifai kwa waamini, maana Kanisa lazisoma katika Misa. Tutarudi kwa Sara baadaye, kwa kuwa ana neno la kutuambia.

Mkono wa mtu nyuma ya mzimu

Sasa tuvitazame vitabu viwili vya aina hii vilivyojulikana sana.

Cha kwanza kiliandikwa na Mwingereza Agatha Christie, jina lake Murder in Mesopotamia, nacho kilitoka mwaka 1936. Mwandishi huyu aliyajua machimbo kwa macho yake. Mwaka 1930 alikutana huko Ur, katika nchi ya Iraki, na mchimbaji wa mambo ya kale Max Mallowan, na mwaka uo huo wakaoana. Ur ndio mji ambao Maandiko yasema Abrahamu alitoka. Katika kitabu hicho, mke wa mkuu wa machimbo aletewa barua za vitisho zenye sahihi ya mume wake wa kwanza, naye huyo mume ajulikana kuwa alikufa zamani. Usiku aona uso dirishani. Wenzake wadhani ni ndoto za mwanamke mwenye hofu. Kisha auawa.

Cha pili ni cha Kiswahili, nacho chatuhusu zaidi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale. Kilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, na mwaka 1960 kikapigwa chapa. Tajiri mmoja akutwa ameuawa pale pahali penye mzimu wa watu wa kale. Watu wengi wadhani kwamba neno limekwisha kujulikana: aliyeua ni mzimu, na mzimu haupelekwi mahakamani. Lakini yuko Bwana Msa na kiko chake. Yeye haukejeli mzimu wala hauogopi. Auliza tu maswali madogo madogo: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, alikwenda kwa nani, nani alikuwa na ugomvi naye, nani atapata nini kwa kufa kwake.

Hatutawafunulia wasomaji mwisho wa vitabu hivyo, kwa maana tungewanyang'anya utamu wake. Twasema hili tu: katika vyote viwili aliyeua ni mtu mwenye nyama na damu, naye amejificha nyuma ya mfu. Mfu hawezi kujitetea. Hawezi kusema, "Mimi sikuandika barua hii," wala, "Mimi sikuinua panga." Kwa hiyo mwenye hatia yeyote aonaye kwamba watu wanawaogopa wafu, amekwisha kupata shahidi wa uongo asiyelipwa.

Habari za Gedi

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni ya vitabuni. Basi tuyatazame machimbo ya kweli.

Katika pwani ya Kenya, karibu na Malindi, msituni, yako magofu ya mji wa Waswahili uitwao Gedi. Una msikiti mkubwa, nyumba za mawe, visima, na kaburi lililochorwa mwaka wa Kiislamu 802, yaani mwaka 1399 wa kwetu. Mji huo uliachwa katika karne ya 17, na msitu ukaumeza. Wenyeji wa jirani walisema, na wengine wasema hata leo, kwamba roho za watu wa kale zaulinda. Mwaka 1948 Mwingereza James Kirkman alianza kuuchimba, na kazi hiyo ikaendelea miaka 10. Yeye hakuwa mtu wa ushirikina. Hata hivyo aliandika baadaye kwamba hapo mwanzo alihisi kana kwamba kuna kitu au mtu anayemchungulia kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki, aliyekuwa akingoja tu.

Twapenda unyofu wake. Hakuona haya kukiri kwamba alihisi hivyo. Lakini hakutupa jembe akakimbia, wala hakusema kwamba hisia zake ni ushahidi. Aliendelea kuchimba kidogo kidogo, na kila kitu kilichotoka aliandika kimetoka wapi. Vikatoka vyombo vya Kichina, shanga za nchi za mbali, mkasi, kauri. Ikaonekana kwamba hapa waliishi watu waliofanya biashara, waliokula, waliosali, waliozika wazazi wao kwa heshima.

Na kwa nini waliondoka? Mojawapo ya sababu zinazotajwa na wataalamu ilionekana kisimani. Kisima kilicho karibu na msikiti mkubwa kilichimbwa tena kwenda chini zaidi, ishara kwamba maji yalikuwa yakiwakimbia. Zatajwa na vita pia. Basi kisa cha mji ulioachwa kilikuwa kisa cha kiu na hofu ya adui, mambo ambayo kila mama wa Maniema aliyepata kukimbia vita na ndoo kichwani ayafahamu pasipo kufundishwa. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Wafu wake hawakulipiza kisasi kwa mtu. Walichokuwa nacho cha kutuambia ni historia yao, nasi tuliyajua hayo kwa sababu mtu alivumilia hofu yake mpaka ikawa maarifa.

Wafu wako wapi?

Hapa katekista hawezi kunyamaza, maana swali si la vitabu tena. Wafu wako wapi, nao wafanya nini?

Imani yetu yasema kwamba roho haifi, na kwamba baada ya kufa kila mtu husimama mbele ya Mungu. Wafu hawatangitangi msituni wakitafuta wa kumdhuru. Hatusemi kwamba Mungu hawezi kumruhusu mfu aonekane: Musa alionekana mlimani pamoja na Eliya mbele ya mitume watatu, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino akubali kwamba Mungu aweza kuruhusu jambo hilo kwa faida ya walio hai. Lakini hilo ni la Mungu, ni nadra, nalo haliitwi kwa ngoma wala kwa kuku. Mfalme Sauli alipomwendea mwanamke wa Endori ili amwinulie Samweli, hakupata msaada. Alipata habari ya kifo chake mwenyewe.

Tukumbuke pia ule mfano wa tajiri na Lazaro. Tajiri akiwa katika mateso amwomba Abrahamu ampeleke Lazaro aliyekufa kwa ndugu zake 5 ili awaonye. Hapo, wasomaji, palikuwa nafasi ya kuandika hadithi ya mzimu iliyo bora kuliko zote: mfu agonga mlango usiku ili kuwaokoa ndugu wakosefu. Abrahamu akataa. Wanao Musa na manabii. Wasipowasikia hao, hata mfu akifufuka hawataongoka. Hofu ya usiku huyeyuka asubuhi, na ndugu wale 5 wangeendelea kula na kumpita maskini mlangoni.

Mtakatifu Augustino ana neno jingine zuri juu ya jambo hili. Kama mwaka 421 askofu Paulino wa Nola alimwuliza kama kuzikwa karibu na shahidi kwamsaidia mfu, kwa kuwa mama mmoja alitamani sana mwanawe azikwe hivyo. Augustino akajibu kwa kitabu kizima. Humo asema kwamba kama wafu wangekuwa wakiingia katika mambo ya walio hai, basi mama yake mwenyewe, Mtakatifu Monika, aliyemfuata katika nchi na bahari kwa machozi, asingekosa kumjia hata usiku mmoja. Lakini hamjii. Si kwamba upendo wake umepungua; yuko penye amani. Tazameni jinsi mwana huyu asemavyo. Angetamani sana kumwona, lakini hakujidanganya ili kujifariji.

Monika alikuwa amefariki Ostia, karibu na Roma, mwaka 387. Zamani alitaka azikwe Afrika kando ya mumewe, lakini saa ya mwisho aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke altareni. Na mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo la kusimika mti wa mchezo wao, kando ya kanisa la Mtakatifu Aurea huko Ostia, walitoa kipande cha jiwe la marumaru. Kilikuwa na maneno ya kaburi la Monika. Zaidi ya miaka 1500 ilikuwa imepita. Hakutokea mzuka wala sauti. Lilitokea jina la mama, na watu wakafurahi.

Shimo linapobomoka

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye uzito.

Maniema ni nchi ya kuchimba. Vijana wetu hawachimbi miji ya kale, wachimba dhahabu na kasiteriti. Siku moja ya masika shimo labomoka, na watu wamo ndani. Kabla miili haijatolewa, tayari maneno yameanza: mzimu wa shimo umetaka damu, au, kuna mtu "ameuza" wenzake kwa mzimu ili apate mali. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na udongo ulikuwa umelowa. Miti ya kutegemeza ilikuwa michache, kwa sababu miti yagharimu fedha. Watu waliochimba wamekuwa chini tangu usiku, na njaa imewalegeza. Lakini nani atayauliza hayo, ikiwa mzimu umekwisha kukubaliwa kuwa ndio wenye kosa? Mwenye shimo ahudhuria mazishi, atoa sanda na mchele, na baada ya juma moja shimo jingine lafunguliwa kando ya lile, bila mti hata mmoja zaidi.

Na mzimu usipotosha, hutafutwa mtu. Mtoto amekufa kwa homa, kijana amekufa kwa kuhara, na baraza laamua kwamba kuna mlozi. Mlozi huyo ni nani? Mara chache huwa ni mtu mwenye nguvu na ndugu wengi. Mara nyingi ni mjane mzee akaaye peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, au mtoto yatima aliyelelewa na mama wa kambo. Twajua sote kwamba katika mashariki ya nchi yetu wanawake wazee wamepigwa, wamefukuzwa, hata wamechomwa moto kwa tuhuma hizo. Na katika umati uliofanya hivyo walikuwamo watu waliobatizwa.

Hapa Sara wa Ekbatana asimama mbele yetu. Waume 7 wamekufa katika chumba chake. Nani alaumiwa? Mjakazi wa baba yake amtukana usoni: wewe ndiwe uwauaye waume zako. Maneno hayo yamchoma hata apanda ghorofani akitaka kujinyonga. Kisha amkumbuka baba yake, ajizuia, na asali dirishani. Mtu aweza kutupinga akisema, "Lakini katika kisa hicho ni pepo kweli aliyeua." Naam, Maandiko yamtaja pepo, jina lake Asmodeo. Lakini tazameni: mjakazi hakumlaumu pepo, alimlaumu msichana. Na msichana hakuwa na kosa hata kidogo. Kwa hiyo, hata pale ambapo roho mbaya ina mkono wake, kidole cha binadamu chaweza kumwelekea asiyehusika. Asiyejua na anyamaze, asije akamwua Sara.

Je, twaweza kufanya nini? Katika Kitabu cha Danieli kuna habari za Susana, mke mwaminifu aliyesingiziwa na wazee wawili waliokuwa waamuzi. Umati ulikuwa umekwisha kumhukumu afe. Kijana Danieli akapaza sauti akawatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: chini ya mti gani? Huyu akataja mti mmoja, na yule akataja mwingine. Kwa swali hilo moja dogo, damu isiyo na hatia haikumwagika. Bwana Msa na kiko chake hakufanya jambo jipya. Alitembea katika njia ya Danieli.

Hii ndiyo faida ambayo hadithi nzuri ya aina hii yaweza kutupa. Kijana aliyezoea kumfuata mpelelezi kitabuni mpaka mwisho, amejifunza kutoridhika na jibu la kwanza. Siku baraza litakaposema "ni mlozi," huenda yeye ndiye atakayeinuka kwa heshima na kuuliza: Shikamoo wazee, mgonjwa alianza lini kuugua? Alikunywa maji ya wapi? Je, alipelekwa zahanati? Nani aliyemwona mama huyu akifanya jambo hilo kwa macho yake? Maswali hayo ni ya adabu, nayo yaweza kuokoa uhai wa mtu.

Wafu hawana nguvu juu yetu, lakini wana haki

Lakini kuna hatari ya upande wa pili. Mtu aweza kusema: "Vema, mizimu haitudhuru, basi mfupa ni mfupa tu, na kaburi ni udongo tu." Huyo amekimbia nyoka akakanyaga nge.

Nchi yetu yajua maana ya kuwadharau wafu. Mwaka 1884, katika ufuko wa magharibi wa Tanganyika, chifu Lusinga aliuawa na watu wa luteni Mbelgiji Émile Storms, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Jino lake moja likakaa Ubelgiji hata Juni 2022 liliporudishwa. Tarehe 30 Juni 2022 lilizikwa Kinshasa. Watu walipita mbele ya jeneza lile wakilia, ingawa ndani hamkuwa na kitu ila jino. Je, walikuwa wakiogopa mzimu? Hasha. Walikuwa wakilipa deni.

Huku kwetu pia, wazee Warega wa bwami walikuwa na sanamu ndogo na barakoa za pembe za tembo, ambazo ziliachwa na marehemu na kupokewa na warithi wake. Serikali ya kikoloni ilipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vingi vya namna hiyo sasa viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Leo kuna kijana awezaye kukiuza kitu cha babu yake kwa bei ya simu, na akiulizwa asema yeye ni Mkristo, haamini mizimu. Ukristo haukumfundisha hivyo. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na mwili uliobatizwa ulikuwa hekalu la Roho Mtakatifu.

Mchimbaji mwema alijua hilo. Kule Katanga, ufukoni mwa ziwa Kisale, ambalo maji ya Lualaba hupitia kabla ya kuteremka hata Kindu, pako pahali paitwapo Sanga. Wataalamu walianza kuchimba makaburi yake mwaka 1957, na wengine wakaendelea mwaka 1958 na 1974. Walikuta wafu wa karne nyingi zilizopita wamelazwa pamoja na vyungu na mapambo ya shaba. Na katika makaburi ya watoto vyungu vilikuwa vidogo, vya kadiri ya mtoto. Mama fulani wa mto wetu huu, kabla ya mzungu yeyote kuuona, alifinyangiwa au alifinyanga mwenyewe chungu kidogo ili mwanawe asikose. Yeye hakuwa na katekisimu, lakini upendo wake twaufahamu. Atakayechimba kaburi la namna hiyo bila kuinamisha kichwa, hana faida kwa elimu yake.

Juu ya mapenzi

Yabaki neno la mapenzi, maana hadithi hizi huchanganya kaburi na posa. Nyingine husimulia juu ya mke asiyeweza kumpenda mwingine kwa sababu mfu angali amemshika, au kijana ampendaye msichana aliyekufa miaka mia iliyopita. Kanisa lafundisha kwamba kifungo cha ndoa hukoma kwa kifo. Mjane yu huru mbele ya Mungu. Ukoo umwambiao kwamba mzimu wa mumewe utamwua asipokubali kurithiwa na shemeji, unamfanya mfu kuwa mlinzi wa gereza, naye marehemu hakuomba kazi hiyo.

Tobia alipomwoa Sara, hakuingia chumbani akijigamba kwamba haogopi. Kwa shauri la malaika Rafaeli alimwondoa pepo, kisha akamwambia mkewe wainuke wasali pamoja, naye akamshukuru Mungu aliyemwumba Adamu akampa Eva. Na baba mkwe wake, Ragueli, usiku ule ule alikuwa amekwisha kuchimba kaburi la mkwe wake wa 8! Walipokuta Tobia yu hai, akawaambia watumishi walifukie kabla hakujapambazuka. Katika hadithi zote tulizozitaja, hili ndilo shimo tulipendalo kuliko yote: lile lililofukiwa tupu.

Jibu letu

Basi, je, ni halali? Twajibu: ni halali, kwa masharti matatu ambayo kila msomaji aweza kuyapima mwenyewe anapofunga kitabu.

Kwanza, ajiulize: kitabu hiki kimenitoa katika hofu kikanipeleka kwenye kweli, au kimeniacha gizani nikiwaogopa majirani zangu? Cha pili hicho akiweke mbali, hasa akiwa na watoto nyumbani.

Pili: kimenifundisha kumheshimu aliyekufa na kumpenda aliye hai, au kimefanya maiti kuwa mchezo na mapenzi kuwa tamaa?

Tatu: baada ya kukisoma, je, niko tayari zaidi kumtetea asiyeweza kujibu? Mfu hawezi kujibu. Mjane asiye na ndugu hawezi kujibu. Yatima hawezi kujibu. Mwenye kuwatwika hao makosa yasiyo yao, hata akihudhuria Misa kila Dominika, atakutana nao mbele ya Hakimu ambaye haogopi barua za uongo wala nyuso za dirishani.

Wazazi, msinyang'anye vitabu kwa ghadhabu. Someni pamoja na watoto wenu, na mkifika penye mzimu waulizeni: unadhani ni nani hasa? Waacheni watafute. Nanyi vijana, mkisikia kesho kwamba shimo limebomoka au mtoto amefariki ghafula, kumbukeni mlivyosoma. Nendeni kwanza mkawasaidie wafiwa kuzika. Salini kwa ajili ya marehemu, maana sala ndicho kitu pekee chetu ambacho wafu walio toharani wakihitaji. Kisha ulizeni, kwa upole na bila kuchoka, miti ya kutegemeza shimo ilikuwa mingapi.